Kamera iko Mshtarii, picha zinatengenezwa sebuleni

Mtoto akishika simu ya mzazi na kukutana na picha ya sayari yenye mawingu yaliyojisokota kama maziwa yaliyomiminwa kwenye chai, swali lake la kwanza huwa moja: “Hii ni ya kweli au imetengenezwa?”

Wazazi wengi hujibu haraka haraka. Mmoja atasema ni kompyuta tu, mwingine atasema imepigwa na Wamarekani, na mazungumzo yanaishia hapo. Majibu yote mawili yana ukweli nusu. Kamera ni ya Wamarekani, na kweli ilifika huko mbali. Lakini nyingi kati ya picha nzuri za sayari ya Mshtarii, ile ambayo watoto shuleni huijua pia kwa jina la Jupita, zimeunganishwa na kupewa rangi na watu wa kawaida wakiwa nyumbani kwao. Yumo mwanahisabati wa Ujerumani, yumo mchoraji wa Uingereza, yumo mpenzi wa sayari wa Iceland. Hakuna aliyewaajiri kwa kazi hiyo. Wanaifanya jioni na siku za mapumziko, kama mwingine anavyocheza mpira wa ridhaa.

Habari yao inafaa kusimuliwa nyumbani, kwa sababu jibu la swali la mtoto limo ndani yake.

Kamera iliyobebwa kwa ajili ya wananchi

Chombo cha anga za juu kiitwacho Juno kiliondoka Florida, Marekani, tarehe 5 Agosti 2011. Kilisafiri karibu miaka mitano, kikaanza kuizunguka Mshtarii Julai 2016. Jina lake limetoka kwenye hadithi za Warumi wa kale: Juno alikuwa mke wa mungu Jupita, naye aliweza kuchungulia kupitia mawingu ambayo mumewe alijifichia nyuma yake.

Kazi kubwa ya Juno ilikuwa kupima uvutano, sumaku na kina cha hewa ya sayari hiyo. Kazi hizo hazikuhitaji kamera ya kawaida. Hata hivyo wakuu wa safari waliona kwamba kwenda mbali kiasi hicho bila kuwaletea watu picha ingekuwa kama kwenda harusini na kurudi bila hata kipande cha keki kwa waliobaki nyumbani. Wakaongeza kamera ndogo, JunoCam, hasa kwa ajili ya umma.

Anayeisimamia ni mwanasayansi Candice Hansen. Kamera hiyo haikupewa kikosi kikubwa cha wataalamu wa kuchakata picha kama ilivyo kawaida ya safari nyingine. Kilichofanyika ni kuweka picha ghafi kwenye mtandao wa safari hiyo mara zinapowasili, na kumkaribisha yeyote anayetaka kuzishughulikia. Akimaliza, anairudisha kazi yake hapo hapo ili wengine waione. Siku za mwanzo wananchi walipiga hata kura kuamua kamera ielekezwe kwenye sehemu gani ya mawingu.

Kwa hiyo umma ndio uliokuwa kikosi cha picha. Kama watu wasingejitokeza, picha nyingi zingebaki mafaili ya kijivu ambayo hakuna anayeyatazama.

Kama kushona mkeka

Atakayefungua picha ghafi ya JunoCam kwa mara ya kwanza anaweza kudhani simu imeharibika. Haoni sayari ya duara. Anaona ukanda mrefu wa kijivu uliojaa vipande vyembamba vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, kila kipande kikionyesha sehemu ndogo tu ya mawingu.

Sababu ni kwamba Juno haitulii. Inajizungusha kama pia, mara mbili kila dakika, na ikiwa karibu na sayari huenda kwa kasi inayozidi kilomita 200,000 kwa saa. Kamera haiwezi kusimama na kulenga. Inachofanya ni kuchukua vipande chombo kinapozunguka, kila kipande kikiwa na upana wa pikseli 1,648 na urefu wa pikseli 128 tu. Na vipande hivyo havina rangi. Kamera ina vichujio vya mwanga: cha bluu, cha kijani na chekundu, pamoja na cha nne kinachopokea mwanga unaomezwa na gesi ya methani. Kila kichujio huleta kipande chake cha kijivu.

Aliyewahi kumwangalia bibi akishona mkeka ataelewa kinachofuata. Ukili husukwa kwanza ukiwa mkanda mwembamba mrefu, kisha mikanda huunganishwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka upatikane. Mchakataji wa picha naye huchukua vipande, akavipanga na kuviunga. Ugumu wake ni kwamba kati ya kipande kimoja na kingine chombo kimeshasogea, sayari imeshajizungusha, na lenzi nayo imepinda mistari kidogo. Yote hayo lazima yakokotolewe na kusahihishwa. Likikosewa jambo dogo, rangi hupishana pembeni kama khanga iliyochapwa vibaya, wino mwekundu ukatoka nje ya mstari wa ua.

Baada ya kuunga, kuna mwanga. Upande unaotazama Jua huwa mweupe mno, upande wa pili unaingia gizani, hivyo mchakataji husawazisha. Mwisho huja rangi na ukali wa picha, na hapo ndipo kila mmoja huweka mkono wake.

Gerald Eichstädt wa Ujerumani, aliyesomea hisabati, aliandika programu zake mwenyewe za kufanya hesabu hizo. Seán Doran, mchoraji wa Uingereza, mara nyingi alizichukua picha zilizokwisha nyooshwa na Eichstädt na kuzipa uhai kwa macho ya msanii. Mmoja alileta hesabu, mwingine jicho, na picha za wawili hao zimezunguka dunia nzima.

Walichokiona

Mshtarii ni kubwa kuliko sayari zote zinazolizunguka Jua. Zikipangwa Dunia 11 kwenye mstari mmoja, ndipo upana wake unafikiwa. Haina ardhi ya kukanyaga. Kinachoonekana ni vilele vya mawingu, ya juu kabisa yakiwa ya barafu ya amonia, yanayokimbizwa na upepo mkali katika mikanda ya rangi ya krimu na kahawia. Sayari nzima hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa 10.

Kabla ya Juno, ncha za sayari hiyo hazikuwa zimewahi kuonekana vizuri. Watu walitarajia mikanda iendelee hadi juu. Juno ikaonyesha kitu kingine: kwenye ncha ya kaskazini vimbunga vinane vimekizunguka kimoja kilichoko katikati, na kusini vitano vimefanya vivyo hivyo. Mwishoni mwa 2019 kikaonekana kimbunga kidogo kipya kikijipenyeza kwenye duara la kusini.

Julai 2017 Juno ilipita kilomita zipatazo 9,000 juu ya Doa Kubwa Jekundu, dhoruba ambayo mwaka huo ilipimwa upana wa zaidi ya kilomita 16,000. Dunia yetu ingeingia humo na nafasi ikabaki. Picha ghafi zilipotoka, wachakataji wa ridhaa waliziwahi, na matoleo yao yakaanza kuonekana muda mfupi baadaye.

Watoto nao wana lao la kufurahia. Oktoba 2018 kamera ilinasa wingu lenye umbo la pomboo, kama linalogelea kwenye mikanda ya kusini. Mchakataji Brian Swift pamoja na Doran waliziweka picha hizo kwa mfuatano ili pomboo aonekane akipita. Ni wingu tu, kama tunavyoona sungura na tembo angani tukilala chali uwanjani, ila pomboo huyu alikuwa na ukubwa wa kutisha.

Rangi za kweli, na rangi zilizotiwa chumvi

Hapa ndipo swali la mtoto linapohitaji jibu la uaminifu.

Julai 2022 Juno iliipitia Mshtarii kwa karibu mara ya 43. Björn Jónsson wa Iceland alichukua picha ghafi ya siku hiyo na kutengeneza mbili, akaziweka ubavu kwa ubavu. Ya kushoto inakaribia kile ambacho jicho la binadamu lingeona: mawingu yaliyofifia, ya krimu na kahawia ya mbali. Ya kulia imeongezwa rangi na ukali, na ghafla mawingu yale yale yanakuwa bluu, meupe na rangi ya kutu, kila msokoto ukijitokeza.

Ipi ni ya uongo? Hakuna. Kila mkunjo ulioko kwenye picha ya kulia upo pia kwenye ya kushoto. Jicho ndilo lililokuwa halijaukamata. Jónsson alitia chumvi rangi, akasema kwamba ametia chumvi, na akaeleza kwa nini. Mwanasayansi anayefuatilia mpaka kati ya wingu la juu na la chini anaihitaji picha ile ya kulia.

Uongo ungekuwa kuongeza kimbunga ambacho hakikuwepo, au kuificha habari kwamba rangi zimeongezwa. Tofauti hiyo ni muhimu zaidi leo, wakati programu za akili mnemba zinaweza kutoa picha ya sayari yoyote kwa sekunde chache bila kamera yoyote kwenda popote. Picha ya namna hiyo inaweza kupendeza kuliko ya Juno. Inachokosa ni faili ghafi nyuma yake. Picha ya JunoCam ina tarehe, ina namba ya mzunguko, ina mahali chombo kilipokuwa, na mtu mwingine akiitilia shaka anaweza kurudi kwenye vipande vile vile vya kijivu na kuanza upya.

Ndiyo maana chini ya picha hizi huwekwa majina: taasisi zilizorusha chombo na kutengeneza kamera, kisha jina la aliyeichakata. Mtoto anayeambiwa na mwalimu aonyeshe njia ya hesabu, asiandike jibu peke yake, anafundishwa jambo lile lile.

Mwafrika Kusini aliyeona kabla ya wengine

Kuna wanaodhani kazi ya watu wa ridhaa ni mapambo tu, na utafiti unafanywa na wenye shahada. Alfajiri ya tarehe 31 Mei 2020, wakati nchi nyingi zikiwa zimefunga milango kwa sababu ya korona, Clyde Foster wa mji wa Centurion, Afrika Kusini, alikuwa nje na darubini yake akiipiga Mshtarii picha kupitia kichujio cha methani. Akaona doa angavu kusini-mashariki mwa Doa Kubwa Jekundu. Katika picha zilizopigwa Australia saa chache kabla, doa hilo halikuwepo.

Siku mbili baadaye, tarehe 2 Juni, ilikuwa zamu ya Juno kupita karibu na sayari. Njia yake ilikuwa imepangwa zamani, na kwa bahati sehemu ile ilionekana kutoka pale ilipokuwa ikipita. JunoCam ikapiga. Kevin Gill, mhandisi wa programu anayechakata picha za sayari kwa mapenzi yake, akatengeneza picha ambayo kila mtu aliielewa: bomba la mawingu lililofumuka kutoka chini na kutokeza juu ya tabaka la juu. Wanasayansi waliliita Doa la Clyde. Karibu mwaka mmoja baadaye Juno ilipopita tena juu ya eneo hilo, doa lilikuwa limegeuka kuwa mkunjo mkubwa wa mawingu.

Mtu mmoja na darubini yake nyumbani, mwingine na kompyuta, na chombo kimoja angani. Ikikosekana nguzo moja kati ya hizo tatu, habari ya doa hilo isingekamilika. Eichstädt naye jina lake limeandikwa pamoja na ya watafiti kwenye makala za kisayansi. Na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilifungua mradi wa mtandaoni ulioalika watu wa kawaida kutazama picha za JunoCam na kutia alama vimbunga wanavyoviona, kwa kuwa picha zilikuwa nyingi kuliko macho ya watafiti. Haba na haba, kibaba kikajaa.

Kamera ilipougua

Mshtarii imezungukwa na mionzi mikali. Vifaa nyeti vya Juno vimefungiwa ndani ya sanduku la titani, lakini kichwa cha JunoCam kiko nje ya sanduku hilo, kwa sababu kamera lazima ione. Ilitengenezwa ikitarajiwa kudumu angalau mizunguko minane. Ikafanya kazi vizuri mizunguko 34 ya mwanzo. Kufikia mzunguko wa 47 dalili za ugonjwa zilianza kuonekana, na baadaye picha zikaja na michirizi na chengachenga.

Fundi wa kuifuata hayupo. Mawimbi ya redio peke yake huchukua zaidi ya nusu saa kufika huko. Wahandisi wakaamua kutumia mbinu inayofanana na ya mhunzi: kuipasha kamera joto kisha kuiacha ipoe, wakitumaini kasoro ndogo ndani ya vifaa vyake zitajirekebisha. Waliamuru kipasha joto chake kiifikishe nyuzi 25 za Selsiasi, joto ambalo mkazi wa Dar es Salaam angeliona la kutafutia sweta, lakini kwa kamera hiyo ni kubwa kuliko ilivyozoea. Ikapona kwa muda, kisha ikaugua tena.

Mwishoni mwa 2023 Juno ilikuwa inaelekea kupita kilomita 1,500 tu kutoka Io, mwezi wa Mshtarii wenye volkano hai. Nafasi kama hiyo hairudi kwa urahisi. Zikiwa zimebaki siku chache, picha bado zilikuwa mbovu. Wahandisi wakafungua kipasha joto hadi mwisho. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Halafu, siku zikiwa zinayoyoma, picha zikaanza kusafika. Tarehe 30 Desemba 2023 JunoCam iliipiga Io picha nzuri karibu kama ilivyokuwa mpya, na wale wa sebuleni wakaanza kushona tena.

Mtoto anaweza kuanzia wapi

Familia isiyo na darubini wala kompyuta ya bei kubwa ina mahali pa kuanzia. Picha zote za JunoCam zinapatikana bure kwenye mtandao wa safari ya Juno.

*Anzeni na picha iliyokwisha unganishwa.* Pamoja na vipande ghafi, huwekwa pia matoleo yaliyokwisha nyooshwa. Hayo yanafunguka kwenye programu yoyote ya picha ya simu. Ni vyema kupakua moja au mbili tu, kwa kuwa baadhi ni kubwa na hula bando.

*Badilisheni kitu kimoja kwa wakati.* Kwanza mwanga, kisha ukali, kisha rangi. Baada ya kila hatua, mtoto aseme ameona nini kipya. Picha ya awali isifutwe, ibaki kwa kulinganisha.

*Aandike alichofanya.* Sentensi mbili kwenye daftari zinatosha: picha ya tarehe fulani, nimeongeza ukali, nimezungusha. Hiyo ndiyo inayoitofautisha kazi ya uaminifu na udanganyifu.

*Mkubwa akitaka zaidi,* programu ya GIMP ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kijana wa sekondari anayejifunza kuandika programu anaweza kujaribu kuunga vipande ghafi mwenyewe. Atashindwa mara nyingi, na hiyo ni sehemu ya somo.

*Kama ataichapisha,* mzazi awepo. Jina la chombo na kamera litajwe, na picha isiwe na namba ya simu wala jina la shule ya mtoto.

*Tokeni nje.* Miezi ambayo Mshtarii iko juu usiku, huonekana kwa macho kama nyota angavu isiyopepesa sana. Kwa darubini ndogo ya mkononi, mkono ukiegemezwa ukutani usitetemeke, vinaweza kuonekana vidoto vya miezi yake minne mikubwa, ile ile aliyoiona Galileo Januari 1610. Galileo mwenyewe yuko huko: Juno ilibeba sanamu tatu ndogo za Lego zilizotengenezwa kwa alumini, moja ikiwa yake na darubini mkononi, pamoja na ya Jupita na ya Juno.

Na siku mtoto atakaporudi na swali lake la kweli au imetengenezwa, mzazi sasa ana jibu refu kidogo: ni ya kweli, na imetengenezwa, na aliyeitengeneza ameandika jina lake hapo chini na kueleza alivyofanya. Kisha naye amrudishie mtoto swali, kwa picha hiyo na kwa nyingine yoyote itakayoingia kwenye simu: “Nani ameitengeneza hii, na amesema alibadilisha nini?”